Libère Barampama na Mabeseni ya Buluu

Padri wetu, mwenyekiti wa kijiji, majirani wa Rubondo, wafanyabiashara mliofika kutoka Misiera na Base Camp, wafanyakazi mliosafiri asubuhi hii kutoka Mbarara, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza mwenzetu, historia hii imeandaliwa na familia na inasomwa na Nicodème, shemeji wa marehemu, mdogo wake Concilie. Concilie mwenyewe ndiye aliyesimulia mengi ya haya, akaomba yasomwe yote, pamoja na yale ambayo mtu wa kawaida angeyaacha ndani ya nyumba yake, na familia imekubali huku ikitetemeka, kwa sababu yako mambo humu yanayowahusu watoto wenu, na mtu akiyasikia nusunusu atakwenda kuyasimulia vibaya. Kwa hiyo tunaomba mvumilie jua, mkae, msikilize mpaka mwisho.

Marehemu Libère Barampama alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika komine ya Gahombo, mkoa wa Kayanza, nchini Burundi, akiwa mtoto wa pili wa mzee Astère na mama Godeberthe, wakulima wa kahawa, ambao wote wawili wamekwisha kututangulia. Wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto mnene, mlafi kidogo, asiyeogopa mbwa wala giza, na sisi tuliomjua ukubwani tunapata shida kuamini, maana Libère tuliyemjua alikuwa mwoga, na tunalisema hilo mbele ya jeneza lake bila nia ya kumdhihaki, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kila siku.

Woga huo ulimwingia mwezi wa Januari mwaka 1980. Kahawa ya baba yake ilikuwa imepuliziwa dawa ya wadudu, kopo la dawa likabaki tupu, kopo zuri lenye kifuniko, na mama Godeberthe, kama akina mama wengi wa wakati ule, hakuona sababu ya kutupa chombo kizima, akalisugua kwa mchanga na majivu, akalisuuza, akalianika juani, kisha akalitia maji ya kunywa. Bella, mdogo wake Libère, alikunywa kwanza. Alikufa siku hiyohiyo kabla jua halijatua, na Libère, ambaye alikuwa amemshika mkono, aliisikia harufu ya dawa ile ikitoka kinywani mwa mdogo wake, harufu ambayo alituambia haikumtoka tena puani.

Tangu siku hiyo hakula wala kunywa kitu bila kukinusa. Alipoanza shule ya msingi ya Gahombo, mwezi wa Septemba mwaka huohuo, wenzake walimwita Mazuru, yaani Mapua, kwa vile alivyoinamia kila sahani kabla ya kuigusa, na jina hilo lilimfuata mpaka shule ya ufundi ya Ngozi, alikosomea umakanika kuanzia mwaka 1987 hadi Juni 1991. Walimu wake walimsifu kwa mikono mizuri, lakini hawakumpenda sana, maana aliuliza mara nyingi mno kama mashine imezimwa kweli.

Mwezi wa Oktoba 1991 alishuka Bujumbura, akapata kazi katika karakana ndogo ya plastiki mtaani Buyenzi, ambako ndiko pia alikojifunza Kiswahili, na huko mapua yake yakageuka kuwa mtaji. Wanaojua kazi hii wanajua kwamba plastiki kuukuu haiaminiki kwa macho, unakata kipande, unakiwasha kiberiti, unakizima, unanusa moshi, na ile nzuri ya kutengenezea mabeseni hunuka kama mshumaa, lakini ile mbaya hukukaba koo. Libère aliweza kunusa kipande kimoja akakuambia gunia zima limetoka wapi, kama lilikuwa la mafuta ya kupikia, la sabuni, au la sumu. Tajiri wake alimwamini kuliko alivyowaamini nduguze, na kwa miaka ishirini na zaidi hakuna gunia lililoingia kwenye mashine za karakana ile bila Libère kusema neno moja, “Safi.”

Tarehe 22 Julai 2000, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Concilie katika parokia ya Kamenge, ndoa ambayo ilikuwa karibu ivunjike kabla haijaanza. Siku ya kupeleka mahari, baba mkubwa wa Concilie alitanguliza mdomo kwenye pombe kama mila yetu inavyotaka, aonje yeye kwanza, mgeni aone kwamba hakuna kibaya ndani, kisha akampa Libère mrija, na Libère, mbele ya wazee wote wa upande wa mke, akaiinamia ile pombe na kuinusa. Kilichomwokoa ni kwamba Concilie, aliyekuwa akichungulia mlangoni, aliangua kicheko mpaka akakaa chini, na wazee nao wakacheka, ingawa baba mkubwa alibaki na hasira mpaka alipofariki. Mungu aliwajalia watoto watatu, Venuste aliyezaliwa mwaka 2001, Doriane mwaka 2005, na Kwizera mwaka 2012, na kila mmoja wao atawaambia kwamba maziwa yake ya utotoni yalipita kwanza chini ya pua ya baba.

Mwezi wa Mei 2015, mji ulipochafuka, walitoka Bujumbura na mabegi mawili, wakapita Rwanda, wakaingia Uganda, na mwezi wa Juni wakapokelewa hapa Nakivale, katika kambi ya wakimbizi, wakapewa kiwanja hapa Rubondo. Usiku wa safari ile hatutausimulia, kwa sababu wengi wenu mnao wa kwenu. Libère hakukaa bure, alikwenda soko la Base Camp, penye ofisi za kambi, na jiko la mkaa na kisu cha bapa, akakaa chini kuziba mabeseni na jerikeni zilizopasuka, anapasha kisu moto, anayeyusha kipande, anabandika, na Wakongomani, Wasomali, Wanyarwanda na sisi Warundi sote tukampelekea vyombo vyetu, naye akavinusa kwanza, tukacheka.

Mwaka 2017 alikutana na Elly, fundi wa vyuma wa Mbarara, ambaye yuko hapa leo, na Elly ndiye aliyemchongea kalibu yake ya kwanza, yaani lile umbo la chuma ambalo plastiki iliyoyeyuka husindiliwa ndani yake ikatoka beseni. Walianza hapa kambini, Misiera, kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, na tarehe 4 Februari 2019, kwa kuwa mashine kubwa ilitaka umeme wa uhakika, wakafungua karakana Mbarara, mtaa wa Kakoba, wakaajiri vijana wa kambini na wa mjini pamoja. Mabeseni yao yalikuwa meusi, mazito, hayana uzuri wowote, lakini hayakupasuka, na hapakuwa na nyumba Rubondo isiyokuwa nalo. Watu walianza kumwita tajiri, naye alitazama nyuma kila alipoitwa hivyo, kana kwamba wanamwita mtu mwingine.

Wapendwa, tumefika mahali ambapo familia inaogopa kusoma.

Mwezi wa Juni 2021, wakati wa ile homa ya dunia nzima, nchi ilifungwa, safari kutoka wilaya hadi wilaya zikakatazwa, na Libère akabaki Mbarara na wafanyakazi wake, wakilala karakanani. Katikati ya mwezi alishikwa na homa, si kali, siku chache tu, lakini asubuhi moja aliamka, akainamia chai yake kama kawaida, na hakusikia harufu yoyote. Alinusa sabuni, hakusikia kitu. Alinusa mafuta ya taa, hakusikia kitu. Alimwambia Concilie baadaye kwamba hakuwahi kuogopa vile hata njiani walipokuwa wakikimbia, kwa sababu njiani alijua adui yuko upande gani, lakini sasa alikuwa amesimama katikati ya magunia bila ulinzi.

Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba akisema anaumwa atapelekwa kutengwa, karakana itafungwa, na vijana waliokuwa wakimtegemea watarudi kambini mikono mitupu wakati ambapo kambini kwenyewe chakula kilikuwa kimepunguzwa. Alijipa moyo kwamba pua itarudi kesho, au kesho kutwa, na kila asubuhi aliendelea kukata kipande, kukiwasha, kukizima, kukiinamia na kusema, “Safi,” na wafanyakazi, ambao wangemwamini hata akiwa usingizini, waliingiza gunia mashinani.

Ndipo Shafiq, kijana anayekusanya plastiki kuukuu kwenye mashamba ya ng'ombe kuzunguka Mbarara, alipoleta magunia meupe. Plastiki hiyo ilikuwa imeoshwa na kusagwa tayari, chengachenga safi kama chumvi, na Shafiq mwenyewe aliinunua ikiwa hivyo, hakujua ilikuwa chupa za nini, kwa hiyo hapa hatumnyooshei kidole. Plastiki nyeupe ni bahati katika kazi hii, kwa sababu inakubali rangi, na Libère, ambaye maisha yake yote hapa Uganda alikuwa akitoa mabeseni meusi tu, alitia rangi ya buluu, na kwa mara ya kwanza yakatoka mabeseni ya kupendeza, ya rangi ya anga. Mashine ilipopata moto, Elly aliinua barakoa yake kidogo, akamsemesha kwa heshima.

“Mzee, mimi nasikia harufu hapa. Kama ile dawa ya kupe ya ng'ombe, ssebo.”

“Ni rangi hiyo,” Libère alijibu. “Rangi mupya inanuka hivyo.”

Elly alishusha barakoa, maana nani angebishana na pua ya Libère juu ya harufu? Yeye Elly anasema hapa, kwa kinywa cha familia, kwamba jibu hilo linamuuma mpaka leo, nasi tunamwambia mbele yenu kwamba hakuna anayemlaumu.

Magari ya mizigo yaliruhusiwa kusafiri, mabeseni yakafika Base Camp, Misiera na hapa Rubondo, yakaisha kama maji. Mnakumbuka. Lilikuwa beseni la kumpelekea mzazi, kila aliyejifungua msimu ule alipata la buluu, na watoto wachanga wakaogeshwa humo kwa maji ya moto, na wakubwa wakaloweka maharage humo, na unga ukachekechewa humo.

Mwisho wa Julai njia zilifunguliwa, na Libère akarudi nyumbani, pua ikiwa inaanza kurudi kidogokidogo, kahawa leo, sabuni kesho. Jumapili asubuhi, tarehe 29 Agosti 2021, baada ya misa, Concilie alikuwa uani anamwogesha mtoto mchanga wa jirani yetu Damascène, kwa sababu mama yake alikuwa bado hana nguvu baada ya kujifungua, na alikuwa amemimina maji ya moto kwenye beseni jipya la buluu. Libère alipita karibu, mvuke ukampanda usoni, akasimama. Concilie anasema alimwona mume wake akigeuka rangi, kisha akaruka, akamnyakua mtoto akiwa na povu lake, akalipiga beseni teke likamwagika mpaka jikoni.

“Baba Venuste, una wazimu? Mutoto ya batu atashikwa na baridi!”

“Toa mutoto! Usimutie tena humo, usimutie!”

“Lakini ni beseni yako wewe mwenyewe!”

“Ni ile, Concilie. Ni ile ya Bella.”

Concilie hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtoto yule wa Damascène yuko hapa, mzima wa afya, anakimbia pale nyuma ya turubai, na tunamshukuru Mungu, lakini Libère hakuweza kumtazama bila kumkagua ngozi, na Damascène, sasa unajua kwa nini jirani yako alikuwa akija kila mara kukuuliza kama mtoto amekula vizuri.

Alichukua beseni lile mpaka Mbarara, akampelekea mtaalamu wa maabara, ambaye hatumtaji kwa jina, na jibu alilopata halikumsaidia kulala, kwamba dawa ya kupe imo kweli, ya jamii moja na ile ya kahawa, kwamba maji ya moto huitoa kidogokidogo, kwamba labda ni kidogo sana isidhuru na labda isiwe hivyo kwa mtoto mdogo, na kwamba jambo la kufanya ni chombo hicho kisitumike tena kwa mtoto wala kwa chakula. Libère aliuliza, kidogo sana ni kiasi gani? Mtaalamu akasema hajui. Huko kutokujua ndiko kulikomla. Kila mtoto wa Rubondo aliyeharisha, kila aliyetoka vipele, kila aliyechelewa kutembea, yeye alikwenda kutazama, akisingizia anapita tu, akarudi nyumbani akakaa kitandani na viatu.

Ndipo alipoanza kuyatafuta. Alitangaza sokoni kwamba yeyote atakayeleta beseni la buluu atapewa jipya jeusi, kubwa zaidi, bure, lakini hakusema sababu, aliogopa akina mama, aliogopa ofisi, aliogopa mlango wa karakana kutiwa kufuli, na sisi watu wa kambi tunajuana, mtu akikupa kikubwa kwa kidogo bila sababu, unajiuliza kile kidogo kina nini. Wengine mlisema anataka uenyekiti wa kijiji. Wengine mlisema ndani ya yale ya buluu kuna madini ya thamani ambayo yaliingia mashinani kwa makosa na sasa mzungu fulani anayataka. Basi mkayaficha! Wapo walioyaweka chini ya kitanda, wapo walioyachimbia shimo, na yupo mama mmoja wa Misiera, hatumtaji, aliyekata lake vipande avipeleke Mbarara kupimwa dhahabu. Leo hata sisi tulicheka tulipokuwa tukiandika haya, lakini Libère hakucheka, kwa sababu kila alivyozidi kubembeleza ndivyo mlivyozidi kuficha, na woga wake wa kusema ukweli ndio uliozaa uongo wenu.

Akaenda nyumba kwa nyumba. Alijitolea kuziba vyombo bure, apate sababu ya kuingia jikoni. Alifuata mabeseni mpaka kambi ya jeshi kule Mbarara, ambako mengine yalikuwa yameuzwa kwa wake wa askari, na huko alikutana na Shanitah, mke wa askari, ambaye naye amekuja kutuzikia mwenzetu, na tunamshukuru kwa moyo wake. Yeye alimzuia mlangoni.

“Wewe mzee, baafu yangu unaitaka ya nini? Kwanza sema ukweli, halafu ndio unachukua.”

Na Libère, labda kwa sababu aliulizwa hivyo na mtu asiyemjua, akamwambia ukweli wote, wa kwanza kuambiwa baada ya Concilie na Elly. Shanitah akaingia ndani, akarudi na beseni lake na mabeseni ya majirani zake wote wa safu ile, akayatupa miguuni pake.

“Chukua. Lakini ungesema mapema, mzee. Sisi tuna watoto hapa.”

Alirudi Rubondo amelibeba neno hilo, na bado hakuweza kulisema hapa. Tunalisema kwa huzuni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mengi yalirudi, na yote yaliyorudi yalizikwa kwenye shimo refu, hayakuyeyushwa tena. Mengine hayajarudi mpaka leo, na kwa jua la miaka yote hii yamepauka, hayana tena buluu ya kuyatambulisha.

Mwezi wa Novemba 2024 Libère alianza kukonda na kulalamika upande wa kulia, na tarehe 17 Februari 2025, katika hospitali moja ya Mbarara, madaktari walisema ni saratani ya ini. Aliwauliza kama ni moshi wa plastiki au ni dawa ile, wakamjibu kwamba hawawezi kusema. Alikwenda na kurudi, akitibiwa, akipata nafuu kidogo, akianguka tena, na mwishoni mwa Agosti alilazwa akiwa hana nguvu ya kuinuka. Kufa hakukumtisha, jambo lililotushangaza sote. Lililomtisha ni yale mabeseni.

Mchana mmoja, Concilie akiwa anampangusa mikono, alimshika kifundo cha mkono akamzuia, akatazama bakuli la maji kwa muda, kisha akaanza kusema haraka, kama mtu aliyepata jambo.

“Mama Venuste, siku ya kunizika, batu bote batanawa mikono kisha ya makaburi, si ndiyo?”

“Usiongeze maneno ya makaburi, baba Venuste.”

“Sikia. Kila nyumba italeta beseni, Rubondo yote, na Misiera. Minatafuta miaka yote hii, banaficha. Siku ile yatakuja yenyewe, yote fasi moja. Pindua yote. Usione haya juu yangu. Uwaambie.”

Concilie alilia, akamwambia kwamba watu watamtukana kaburini, kwamba watoto wataonyeshwa vidole, kwamba karakana itafungwa. Libère akasema anajua, na kwamba aliogopa hayo hayo miaka yote, na tazama woga huo ulipomfikisha. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nane mchana, Concilie na Doriane wakiwa kando yake.

Jana Concilie alikwenda mwenyewe ofisini Base Camp, akaeleza yote haya, akiwa na Elly. Wametusikiliza, wameandika, na hawajasema watafanya nini. Wafanyakazi wa Kakoba, mnaosikia haya sasa kwa mara ya kwanza, hatuwezi kuwaahidi kwamba Jumatatu mtakuta mlango wazi. Concilie anaogopa. Sote tunaogopa. Amesema tu kwamba hawezi kumtia mumewe ardhini na siri ile juu ya kifua chake, huku mtoto wa mtu akiendelea kuogeshwa humo.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbarara waliomhudumia marehemu bila kuchoka, wale wa kliniki ya Base Camp, padri na jumuiya ndogo ya Rubondo waliosali naye, wafanyakazi wenzake, Elly ambaye amekuwa ndugu, Shanitah na akina mama wa kambi ya jeshi waliosafiri mbali, na ninyi majirani mliopika, mliochota maji, mliokesha nasi, na mliokopesha vyombo vyenu.

Na hapo ndipo ombi lenyewe. Mabeseni mliyoleta yamepangwa pale kando ya ua, tayari yana maji ya kunawa mikono tutakapotoka kaburini. Tunaomba mtu asinawe bado. Mwezi ule wa Juni kalibu ilikuwa na ufa, kwa hiyo mabeseni yote ya magunia yale, hata yakipauka yawe meupe, yana mstari mwembamba ulioinuka chini ya kitako, unaokata duara katikati, ukiupitisha kidole unausikia. Kila mmoja amwage maji ya lake, alipindue, apitishe kidole. Mwenye kuukuta mstari asiogope kusema, hatutamuuliza alilificha wapi wala kwa nini, atapewa jipya, na mtoto wake tutampeleka kwa daktari pamoja naye, kwa gharama ya familia hii. Mwenye kuukuta na akanyamaza, tunamwomba kwa machozi, asirudi nalo nyumbani.

Libère, mume wa Concilie, baba wa Venuste, Doriane na Kwizera, umeogopa vya kutosha kwa ajili yetu, pumzika sasa. Na ninyi wapendwa, Concilie ameshasimama, anakwenda kuanza na la kwake. Mwageni maji.